Maongezi Yapo: Kwa Nini Nawaacha Wanunuzi Wapunguze Bei ya Sarafu za Babu

Baridi tu ndiyo inanikumbusha kila asubuhi kwamba sikuzaliwa huku Uingereza. Nimemaliza zamu nne za usiku mfululizo na leo ni siku yangu ya kupumzika. Badala ya kulala nimekaa kwenye kompyuta, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili.

Mlioko kwenye grupu la familia mnajua nazungumzia nini. Kaka yangu mkubwa, ambaye namheshimu kama baba, ameandika mbele ya ukoo mzima kwamba mimi "natupa mali ya marehemu babu". Shangazi akaongezea kuwa nauza sarafu kama mchicha wa jioni. Binamu mmoja akapigilia msumari kwa methali: kizuri chajiuza. Nimefanya nini hasa? Kwenye kila tangazo la sarafu ninaloweka mtandaoni, namruhusu mnunuzi alete bei yake. Kwa lugha ya matangazo ya kwetu, nimeandika "maongezi yapo". Basi. Hilo ndilo lililoniletea kesi.

Kule kwenye grupu nilijibu kwa mistari miwili, kwa sababu nilikuwa nakimbilia kazini. Leo nina nafasi, kwa hiyo nitajibu yote. Na nasema mapema tusije tukazungushana: sitaacha. Nitaendelea kuruhusu watu wapatane nami bei, na nadhani nikimaliza kueleza hata kaka ataona kwamba anayetaka kuitupa mali ya babu si mimi.

Kwa rafiki zangu ambao si wa ukoo, habari yenyewe ni hii. Babu yetu alifanya kazi reli, pale Tabora. Alipofariki aliacha kopo la biskuti limejaa sarafu za zamani. Hakuna aliyelijali kopo hilo kwa miaka mingi, watoto walikuwa wanachezea. Mwaka jana kikao cha ukoo kiliamua sarafu hizo ziuzwe na fedha ziende kwenye ada ya mdogo wetu aliyeko chuo cha uuguzi. Mimi niko huku, nami ni nesi, nikakabidhiwa kopo. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii mchezo wa watu wenye hela na muda. Kuna binti anasubiri ada, na chuo hakipokei sarafu ya Mjerumani dirishani.

BEI YA KWENYE TANGAZO SI BEI

Tuanze na jambo ambalo ndilo mzizi wa ugomvi wote. Kaka alinitumia picha ya tangazo moja la mtandaoni. Senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati, mtu anaiuza pauni 900. Kaka akaandika: "Unaona? Na sisi tunazo mbili. Wewe unataka kuuza pauni tatu!"

Kaka, pole. Kuandika 900 ni bure. Hata mimi naweza kuandika kwenye tangazo kwamba sufuria langu la ugali ni pauni 5,000. Swali ni moja tu: nani amelipa? Kwenye eBay, soko ambalo Pierre Omidyar alilianzisha mwaka 1995, kuna sehemu ya kuchuja matangazo ili uone vitu vilivyokwisha uzwa. Ukichuja hivyo utashangaa. Yale matangazo ya mamia ya pauni yanapotea yote, na zinabaki bei za watu waliofungua pochi zao. Ile senti kumi unaikuta inauzwa kwa pauni mbili, tatu, nne, kutegemea hali yake.

Na iko sababu ya uvumi huo, ngoja niieleze maana inawadanganya wengi. Sarafu hiyo imeandikwa jina la Mfalme Edward VIII. Huyu alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936. Sarafu za Uingereza zenye sura yake ni chache mno, na mwaka 2020 moja ya dhahabu iliuzwa pauni milioni 1. Mtu akisikia hivyo, akaona jina la Edward kwenye senti ya bibi yake, usingizi unaisha. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, kwa hiyo ziliwahi kupigwa kwa mamilioni na kusambazwa. Zipo tele. Jina ni lile lile, bei ni mbingu na ardhi.

Ni hivyo hivyo kwa ile reale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780. Kila nyumba ya pwani iliyo nayo inaamini ina kitu cha zaidi ya miaka 200. Ukweli ni kwamba malkia yule alifariki mwaka huo wa 1780, na tangu hapo sarafu yake iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, Paris, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na kwetu walikuwa hawataki nyingine. Nyingi ni za miaka ya karibuni. Ina gramu 23 na kitu za fedha safi, na kwa nyingi hiyo fedha ndiyo thamani yake kubwa.

Na zile za Mwalimu Nyerere za mwaka 1966, senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, hamsini ya sungura, shilingi ya mwenge? Tunazipenda, zina kumbukumbu, lakini zilipigwa kwa wingi. Anayekuambia moja inanunuliwa kwa mamilioni ya shilingi anataka kitu kutoka kwako. Mara nyingi anataka utangulize "ada ya usajili" ili mnunuzi aje. Hakuna mnunuzi. Tafadhali waambieni wazee.

Sasa basi, kama bei ya kwenye tangazo si bei, bei ya kweli utaijuaje? Kwa kuwauliza watu wenye hela mkononi. Na kuruhusu maongezi ni namna ya kuwauliza. Wakija watu watano na wote wanataja kati ya pauni 18 na 22, mimi nimejifunza kitu ambacho hakuna kitabu kingeniambia. Yule aliyeandika 900 na kufunga mlango hajifunzi chochote. Tangazo lake litakaa hapo mpaka wajukuu wake waolewe.

SARAFU SI SABUNI

Kaka anasema duka la heshima lina bei moja. Kweli kabisa, kwa sabuni. Mche wa sabuni wa duka hili na wa duka lile ni ule ule, kwa hiyo bei moja inatosha na hakuna haja ya kupotezeana muda. Lakini sarafu mbili za mwaka mmoja, zilizopigwa na mashine moja, zinaweza kupishana bei mara kumi.

Kwanza hali. Wakusanyaji wana kipimo cha kuanzia 1 hadi 70, na kampuni kama NGC na PCGS kazi yao ni kukagua sarafu na kuzifungia ndani ya plastiki zikiwa na namba. Sarafu zetu hazijapimwa huko, kwa kuwa gharama ya kupima ingemeza thamani ya nyingi kati yake. Kwa hiyo mimi nasema "hali nzuri", mnunuzi anaangalia picha anasema "hali ya wastani". Nani ana haki? Wote wawili kidogo. Hapo ndipo maongezi yanapoanza, na hayana ubaya wowote. Wodini kwetu tunamwuliza mgonjwa maumivu yako ni mangapi kuanzia sifuri hadi kumi. Mmoja anasema nane huku anachati na simu, mwingine anasema tatu huku jasho linamtoka. Namba pekee haitoshi, unakaa naye, mnaongea, mnakubaliana tiba.

Pili, kusafisha. Hapa nawasema bila kuficha: kuna mtu kwenye familia, sitamtaja lakini anajijua, alizisugua baadhi kwa ndimu na majivu kabla ya kuzituma "ili zing'ae Wazungu wapende". Mkusanyaji hataki sarafu iliyosuguliwa! Anataka ile rangi ya uzee iliyojipaka yenyewe. Zilizosuguliwa nimeziandika wazi kwamba zimesafishwa, na kila mnunuzi anashusha bei kwa sababu hiyo. Nikikataa maongezi kwenye hizo, nitabaki nazo.

Tatu, hadithi ya kila sarafu. Mfano ni ile heller ishirini ya Tabora. Wengi wenu mmekulia pale hamjui kwamba mwaka 1916 mji wetu ulikuwa na kiwanda cha fedha. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imepamba moto, meli za Waingereza zimefunga bahari, Mjerumani hawezi kuletewa sarafu kutoka kwao. Akaanza kuzipiga palepale kwenye karakana ya reli. Alipiga heller tano na heller ishirini, za shaba nyekundu na shaba ya manjano, na hata rupia 15 za dhahabu zenye tembo na mlima, dhahabu ikitoka Sekenke. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji na habari ikaishia hapo. Hizo za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu, na kwenye kopo la babu haimo hata moja, msiulize tena! Heller ishirini zilikuwa nyingi zaidi, na kwa kuwa zilipigwa kwa haraka zinatofautiana. Wakusanyaji wanapima mpaka ukubwa wa taji.

Tulikuwa na moja ambayo zamani iliwahi kutengenezwa kidani, alama ya lehemu ilibaki ukingoni. Niliipiga picha karibu na kuieleza kwenye tangazo. Niliweka pauni 30. Mzee mmoja wa Ujerumani akaleta dau la 14, akaandika kwamba alama ile inamzuia kuiweka pamoja na nyingine zake. Sikukasirika. Nikamwandikia kwamba upande wa mbele hauna mkwaruzo na maandishi yote yanasomeka, nikataja 24. Akasema 22. Nikakubali, kwa sababu zenye kasoro kama ile nilikuwa nimeziona zikiuzwa chini ya hapo. Kaka ameandika kwamba nimepoteza pauni nane. Nane zipi? Pauni 30 haikuwahi kuwepo mfukoni mwa mtu yeyote. Pauni 22 ziko kwenye akaunti ya ada.

"WAZUNGU HAWABISHANI BEI"

Hii nayo imekuwa wimbo. Shangazi anasema nikipunguza bei Mzungu ataniona masikini, kwamba wao wakiona bei wanalipa.

Shangazi yangu, shikamoo, lakini si hivyo. Hapa watu wanapatana bei za nyumba, magari na vitu vya mitumba kila wiki, na wakusanyaji wa sarafu ndio hodari kuliko wote. Tena hii bei moja ya dukani hata kwao ni ya juzi. Zamani maduka ya Ulaya yalikuwa kama Kariakoo, unaulizia, unalia, unaondoka, unaitwa urudi. Katika karne ya 17 watu wa dhehebu la Quaker hapa Uingereza walianza kuweka bei moja kwa wateja wote, wakiamini kwamba kubishania bei kunawafundisha watu uongo. Baadaye, kuanzia mwaka 1852, Aristide Boucicaut alipoingia kwenye duka la Bon Marché kule Paris, bei zilizoandikwa kwenye bidhaa zikaanza kuwa kawaida ya maduka makubwa. Maduka yale yalikuwa na wauzaji wengi wa kuajiriwa na bidhaa zinazofanana kwa maelfu, na mwenye mali asingeweza kumwachia kila mwuzaji apatane anavyotaka. Mimi sina duka lenye ghorofa. Nina kopo la biskuti.

Lakini hoja ile ya Quaker naiheshimu, kwa sababu ina ukweli. Kubishania bei kunaweza kumfanya mtu awe mwongo. Wangapi kati yetu tumeambiwa "mimi mwenyewe nimenunua kwa bei hiyo hiyo, sipati hata shilingi" huku mtu anatabasamu? Dawa yake ni kuacha uongo, mapatano yabaki. Mimi sijawahi kumwandikia mnunuzi kwamba kuna mwingine anaitaka kama hayupo. Sifichi kasoro. Sipandishi bei mara tatu ili nijifanye nashusha. Huo mtindo wa kupandisha ili ushushe ndio unaofanya watu wachukie maongezi, na mkusanyaji anayejua kazi yake hakuletei hata dau, anapita kimya.

Kuna kitu kingine ambacho mlio nyumbani hamkioni. Tangu mwaka 2025, kwenye eBay ya Uingereza mnunuzi anayenunua kwa muuzaji binafsi kama mimi anaongezewa ada ya ulinzi juu ya bei yangu, na bado kuna posta. Nikiandika 20 yeye anaona zaidi ya 20. Kwa hiyo akiomba punguzo kidogo hanidharau. Amepiga hesabu ya kinachomtoka yeye, na ni haki yake.

NINAVYOFANYA, ILI MSISEME NAUZA KIHOLELA

Kwanza, kila sarafu ina bei ya mwisho, na nimeiandika kwenye daftari kabla ya tangazo kutoka. Naangalia zilizouzwa miezi ya karibuni, nalinganisha hali, naandika namba. Bei ya tangazo naiweka juu kidogo ya hapo, kiasi cha kuacha nafasi ya kuongea. Shangazi, mchicha wa jioni unauzwa kwa bei yoyote kwa sababu kesho utanyauka. Sarafu hainyauki, na chini ya bei ya mwisho haitoki.

Pili, mashine inanilinda. Ukitaka, mfumo unakataa wenyewe dau lolote chini ya kiwango ulichoweka. Mtu akileta pauni 2 kwa kitu cha 25 saa tisa za usiku, mimi niko wodini nageuza wagonjwa, hata sijui kama alikuja. Hoja ya binamu kwamba "watakusumbua watani" imeishia hapo.

Tatu, napanga madau kama tunavyopanga wagonjwa mapokezi. Wa kwanza ni anayejaribu bahati, huyo kashaondolewa na mashine. Wa pili anaulizia kwa sababu hana hakika, huyo nampa picha zaidi na maelezo. Wa tatu ameleta namba na sababu, huyo ndiye mnunuzi, namjibu haraka, kwa namba yangu na sababu yangu. Sirudi mara tano. Nikishataja mara ya pili, hapo ndipo mwisho, kila mtu anajua.

Na sasa nafika kwenye jambo lililoniumiza kweli. Wiki mbili zilizopita niliuza fungu la shilingi 12 za Afrika Mashariki za miaka ya 1921 hadi 1925, zile zenye simba na milima. Shilingi hizo zilianza mwaka 1921, na mpaka 1946 zilikuwa na fedha asilimia 25, yaani fedha safi ndani ya moja haifiki gramu 2. Tulipatana na mama mmoja pauni 58. Kabla hajalipa, asubuhi yake akaja mwingine na 75. Kaka akanitaka nimwambie yule mama kwamba zimepotea, niuze kwa 75. Nilikataa, na ndipo maneno ya "kutupa mali" yalipoanza.

Kaka, nilishasema ndiyo. Ndiyo yangu ina thamani gani kama inavunjika kwa pauni 17? Kama tungeuza bei moja tu bila maongezi, tungekuwa tunauza sarafu. Tukiongea bei, tunauza pia neno letu. Na yule mama hanijui, haijui Tabora, hamjui babu. Anachojua ni kwamba kuna nesi Mwafrika amekubali namba. Mnajua huku nje mtu mmoja akifanya vibaya anaambiwa "hawa watu ndivyo walivyo". Zaidi ya hayo babu alikuwa mtu wa namna gani? Wenyewe mnasimulia kwamba aliuza ng'ombe kwa kupeana mkono na hakurudi nyuma mvua ilipoharibu bei. Sasa tuuze sarafu zake kwa kuvunja ahadi, halafu tuseme tunamheshimu?

Yule wa 75 nilimwandikia ukweli kwamba zimeshapatanwa, nikamwambia nina nyingine za miaka ya 1940. Ameshanunua mafungu mawili. Hakuna aliyelalamika kwenye grupu siku hiyo, teh teh!

PASIPO NA MAONGEZI

Nisije nikaonekana natetea kila kitu. Kuna mahali mlango naufunga, na ni vizuri mjue.

Kwanza, mnunuzi akisema "tumalizane pembeni, nje ya mfumo, nitakupa zaidi", siendelei. Pembeni hakuna wa kukutetea malipo yakirudishwa baada ya mzigo kuondoka.

Pili, sarafu ambayo ni adimu kweli siiwekei bei wala maongezi, inakwenda mnadani. Kama angepatikana mtu kwenye ukoo ana senti kumi au ishirini ya Sultani Ali bin Hamud wa Zanzibar ya mwaka 1908, yenye mnazi, hiyo ningeipeleka kwenye mnada wa wataalamu, kwa sababu wakiwepo wawili wanaoitaka, wao kwa wao watapandisha bei kuliko mimi nitakavyoweza kwa kuandikiana na mmoja. Maongezi ni kwa sarafu za kawaida, na kopo la babu ni la sarafu za kawaida.

Tatu, kuna visivyouzwa. Rafiki mmoja wa Lindi aliniuliza kuhusu visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa. Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na huwezi kuvitoa nchini bila kibali. Hata kama sheria isingekuwepo, vile ni historia ya mji uliopiga fedha yake wenyewe karne nyingi kabla Mjerumani hajaiona Tabora. Vipelekeni makumbusho. Hapo hata mtu akija na gunia la pauni, hakuna cha kuongea.

SASA NAWAOMBA

Binamu, ile methali yako ya kizuri chajiuza nimeitafakari. Kizuri kinajiuza pale ambapo watu wanakiona na wanajua ni kizuri. Kikiwa ndani ya kopo, au nyuma ya tangazo la bei ya ndoto, hakijiuzi. Na iko methali nyingine babu aliipenda: mtaka yote hukosa yote. Bado tuna sarafu 140 na kitu. Tukizibania kwa bei za kwenye picha za kaka, zitakuwa 140 na kitu hata mwaka kesho, na mdogo wetu atakuwa nyumbani anasonga ugali badala ya kujifunza kuchoma sindano.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Mtakaotuma nyingine, msizioshe, msizisugue, zileteni na uchafu wake. Pigeni picha pande zote mbili na ukingo. Na kila mwezi nitaleta orodha ya bei za mwisho kwenye grupu kabla ya kuweka matangazo. Mwenye hoja aitoe hapo, alete na mfano wa sarafu iliyouzwa, siyo ya kwenye tangazo. Tukishakubaliana, tangazo likatoka, maongezi na wanunuzi niachieni mimi, na nikishasema ndiyo kwa mtu, iwe ndiyo ya ukoo mzima.

Kaka, najua utasoma. Bado ni kaka yangu, na hasira yako najua inatoka kwenye kumpenda babu. Mpaka leo kopo limeleta pauni 611, risiti zote ninazo, nitakutumia jioni hii kwenye barua pepe. Ada ya muhula huu imebakiza pauni 95. Kuna mtu wa Leeds ameleta dau kwenye zile senti tano za mwaka 1942, amesema 31 kwa fungu lote, mimi nimemwambia 36. Ngoja nione amejibu nini, halafu nilale.